Nani kasema kusini haijatafitiwa?

Kuna sentensi imezoeleka mno katika maandiko yanayohusu mazingira ya Mtwara na Lindi: "Tafiti zilizofanyika katika eneo hili ni chache sana." Mwanafunzi anaipachika kwenye sura ya pili ya tasnifu. Mshauri elekezi anaiweka kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Andiko la mradi huanza nayo kabisa, maana ndiyo inayolegeza mkono wa mfadhili. Na msomaji haulizi. Kusini ni mbali, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilisumbua miaka mingi, kwa hiyo inaingia akilini kwamba watafiti nao hawakufika.

Walifika, tena mapema. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913. Waingereza walifyeka mapori ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi uliokufa lakini ukatuachia bandari ya Mtwara. Wafini walianza kushughulika na maji ya vijijini vya mikoa hii mwaka 1972. Wataalamu wa korosho wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakichapisha matokeo yao kwa miongo kadhaa. Kwa maoni yangu sentensi ile mara nyingi haielezi hali ya utafiti kusini. Inaeleza namna mwandishi alivyotafuta. Na kwa kuwa ndiyo inayoamua fedha ziende wapi na nani aulizwe maswali upya, haifai kuachwa ipite tu. Mzee wa Msimbati anayeulizwa kwa mara nyingine samaki walipungua lini ana haki ya kukuuliza majibu ya wale waliokutangulia mliyapeleka wapi.

Yako kwenye kanzidata za ikisiri, sehemu kubwa. Kanzidata ya aina hii haihifadhi makala nzima. Inahifadhi kichwa cha makala, waandishi, jarida, mwaka, ile ikisiri, yaani muhtasari, ya maneno mia mbili au mia tatu, na maneno elekezi. Zipo za nyanja maalumu: CAB Abstracts kwa kilimo, udongo na magonjwa ya mimea, ASFA kwa bahari na uvuvi, inayosimamiwa na FAO na washirika wake tangu 1971, Zoological Record kwa wanyama, iliyoanza 1864. Zipo za jumla kama Scopus na Web of Science. Hizi nyingi hulipiwa, na bei yake si ya mfuko wa mtu mmoja. Lakini AGRIS ya FAO ni bure, PubMed ni bure, Lens na OpenAlex ni bure, na AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika, inakuruhusu kutafuta bila kulipa senti. Hata makala inapokuwa imefungiwa, ikisiri yake kwa kawaida iko wazi. Kwa hiyo kisingizio cha fedha kinafika mahali kinakwama: huwezi kusema hujui kuwa utafiti upo kwa sababu tu makala yake inauzwa.

Tatizo liko kwenye maneno tunayoandika ndani ya kile kisanduku cha kutafutia. Nichukue makala matatu ninayoyajua. Mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha, katika jarida la Tropical Agriculture la Trinidad, utafiti kuhusu athari za kimazingira za kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mwaka huohuo Martin Guard na Mwajuma Masaiganah waliandika kuhusu uvuvi wa baruti katika Marine Pollution Bulletin. Mwaka 2002 Guard na Yunus Mgaya wakaandika kuhusu wavuvi wa pweza katika jarida la Ambio, Mtwara ikiwa miongoni mwa maeneo waliyofanyia kazi. Makala mawili ya mwanzo, vichwa vyao vinasema "southern Tanzania". La tatu linasema "Tanzania" tu. Yote matatu yanaihusu Mtwara, na hakuna hata moja lenye neno Mtwara kwenye kichwa. Mwanafunzi aliyeandika "Mtwara environment" akapata matokeo machache yasiyoeleweka, akafunga kompyuta na kuandika kuwa tafiti ni chache, amepishana mlangoni na kazi tatu ambazo msimamizi wake angetaka kuziona kabla ya nyingine yoyote.

Hapo ndipo ikisiri inapozidi kichwa cha makala. Mtafiti anapoandika kichwa analenga msomaji wa London au Nairobi, asiyejua Mtwara iko wapi, kwa hiyo anaandika nchi au kanda. Jina la wilaya na kijiji anaweza kulitaja ndani ya ikisiri, au asilitaje kabisa hadi sehemu ya mbinu za utafiti. Utafutaji mzuri huanza na mada na nchi, kisha ndipo macho ya binadamu yanachambua ikisiri moja moja. Kuweka jina la mkoa kama sharti tangu mwanzo ni kujifungia nje.

Tena jina lenyewe la mkoa halijakaa mahali pamoja. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Makala ya 1968 inayosema "Mtwara Region" inaweza kuwa inazungumzia Kilwa. Nyuma zaidi, wakati wa Waingereza, kote huku kulikuwa Jimbo la Kusini, na nchi yenyewe ilikuwa Tanganyika. Mto Ruvuma ukivuka ng'ambo, Msumbiji, unaandikwa Rovuma, na sehemu kubwa ya kazi za gesi na za pwani ya Cabo Delgado imeandikwa hivyo. Asiyeunganisha majina mawili kwa OR, yaani "au", anapata ukingo mmoja wa mto. Uwanda wa Rondo kwenye maandishi ya Wajerumani ni Muera. Kwa upande mwingine, ukiandika Lindi peke yake utaletewa mto Lindi wa Kongo, ule wa karibu na Kisangani, na ukijifanya mjanja ukaweka kinyota (*) baada ya herufi "lind" ili upate kila neno linaloanza hivyo, utafunikwa na lindane, dawa ya kuua wadudu iliyoandikwa mno katika sayansi ya mazingira. Mashine haijui jiografia. Inajua herufi.

Majina ya viumbe nayo yanahama. Komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku anayeishi katika misitu iliyobaki ya Rondo, Litipo na michache mingine ya pwani, alikuwa Galagoides rondoensis hadi 2017, wanasayansi walipomhamishia kwenye jenasi ya Paragalago. Ukitumia jina jipya tu unapoteza takriban miaka ishirini ya kazi. Ukitumia la zamani tu unakosa za karibuni. Kuvu anayesababisha ubwiriunga kwenye mikorosho ameandikwa kwa miaka mingi kama Oidium anacardii, orodha za karibuni zinamwita Pseudoidium anacardii, na wapo wanaomweka chini ya Erysiphe quercicola. Mpingo ni mpingo kwetu, lakini kwenye kanzidata ni Dalbergia melanoxylon, au African blackwood, au grenadilla kwa watengeneza zumari. Vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, utavikuta chini ya majina haya yote kutegemea aliyeandika ni mtu wa misitu, wa uchumi au wa biashara ya ala za muziki.

Kanzidata maalumu zina dawa ya ugonjwa huu, na watu wengi hawaitumii. CAB Abstracts na ASFA zina wataalamu wanaosoma kila makala na kuipa maneno elekezi kutoka kwenye orodha moja ya istilahi. Mwandishi aite kitu anavyotaka, orodha itakiita kwa jina moja. Ukishapata makala moja nzuri, usikimbilie kusoma. Angalia kwanza maneno elekezi iliyopewa, uyachukue, uyatafute yenyewe. Njia hii inaokoa muda kuliko kubuni maneno kichwani. FAO ina orodha yake iitwayo AGROVOC, iko katika lugha zaidi ya arobaini, Kiswahili kikiwemo. Sijakutana na msimamizi wa wanafunzi anayeitaja darasani.

Tuchukue salfa, dawa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, kwa sababu ndiyo inayowahusu watu wengi zaidi kusini. Msimu wa mikorosho kutoa maua, bomba za kupulizia zinanguruma kutoka Newala hadi Tandahimba, na vumbi la njano linatua kwenye majani na chini ya mti. Bakteria wa udongo huigeuza salfa kuwa asidi ya salfuriki. Udongo wetu mwingi wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuistahimili. Ni kemia ya kawaida: kilo moja ya salfa ikigeuka yote kuwa asidi, inahitaji zaidi ya kilo tatu za chokaa safi isiyochomwa (kalsiamu kaboneti) kuizimua. Mtu anayetaka kujua jambo hili limetafitiwa kiasi gani ataandika kundi la kwanza la maneno, cashew OR "Anacardium occidentale", alama za kunukuu zikilishika jina la kisayansi lisitenganishwe. Kundi la pili ni sulphur OR sulfur, kwa sababu Waingereza na Wamarekani hawajakubaliana na kanzidata nyingine huchukua tahajia kama ilivyo. Kundi la tatu ni soil OR acidi*, kinyota kikileta acidity, acidic na acidification kwa pamoja. La nne ni Tanzania OR Tanganyika. Makundi yote yanaunganishwa kwa AND, yaani "na". Matokeo yakiwa machache mno, linaondolewa kundi la nne, si la tatu. Kilichoandikwa kuhusu salfa na udongo wa mikorosho wa Msumbiji au India kina faida kwetu kuliko makala ya Tanzania isiyogusa udongo kabisa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo hakuna kanzidata moja itakayokueleza. Udongo ukichachuka unahitaji chokaa. Na chokaa ya ujenzi ya pwani hii, Mikindani hasa, kwa muda mrefu imetokana na kuchimba na kuchoma matumbawe. Maandishi ya salfa utayakuta CAB Abstracts. Ya uchimbaji wa matumbawe utayakuta ASFA. Mtaalamu wa udongo hafungui ASFA, na wa bahari hana sababu ya kufungua CAB. Anayependekeza kwa nia njema kwamba wakulima wamwage chokaa mashambani bila kusema itoke wapi, anaweza kuwa anahamisha tatizo kutoka shambani kwenda kwenye miamba bila kujua, na mapitio yake ya maandiko yataonekana yamekamilika kwa sababu kila makala ya nyanja yake ameisoma. Sayansi ya mazingira ina tabia hii kuliko fani nyingine, na ndiyo maana nasisitiza angalau kanzidata mbili za nyanja tofauti kwa kila swali. Moja haitoshi, hata iwe kubwa namna gani.

Najua wengi wameshasema kimoyomoyo: si kuna Google Scholar? Ipo, nami naitumia, hasa kwa sababu inanasa tasnifu na ripoti ambazo kanzidata za ikisiri hazizioni. Ila haionyeshi zaidi ya matokeo elfu moja hata ikikwambia imepata elfu hamsini, na haikuruhusu kutafuta ndani ya ikisiri peke yake. Gusenbauer na Haddaway walipima mifumo 28 ya kutafutia maandiko na kuchapisha matokeo mwaka 2020. 14 waliona inafaa kuwa chombo kikuu cha mapitio ya kitaratibu, na Google Scholar haikuwemo. Waliipa nafasi ya msaidizi. Nakubaliana nao kwa sababu moja ya kiutendaji: mtu wa pili akirudia utafutaji wako hawezi kuhakikishiwa kupata ulichopata. Ripoti ya mazingira itakayotumika kuamua jambo kubwa kama kiwanda cha kusindika gesi kinachopangwa Likong'o, Lindi, haiwezi kusimama juu ya utafutaji ambao hakuna anayeweza kuukagua. Ningependa kuona kila ripoti ya aina hiyo ikiandika kanzidata zilizotumika, maneno yaliyoandikwa na tarehe. Ni nusu ukurasa tu.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaozijua kanzidata na kuishia kwenye ikisiri. Wanaipata, wanaisoma, wanaitaja kwenye marejeo kana kwamba wamesoma makala. Mwaka 1999 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa ikisiri katika majarida sita makubwa ya tiba: kati ya asilimia 18 na 68 ya ikisiri, kutegemea jarida, zilikuwa na takwimu zisizolingana na makala yenyewe au zisizopatikana ndani yake kabisa. Hayo ni majarida yenye wahariri wengi na fedha. Sina sababu ya kuamini kwamba majarida ya udongo na uvuvi ni salama zaidi. Na katika mazingira kuna hatari ya ziada: ikisiri inasema "uvuvi umepungua", makala inasema umepungua katika vijiji vitatu, wakati wa kusi. Kati ya sentensi hizo mbili kuna sera nzima. Ikisiri ni ya kukuambia usome nini. Basi.

Sasa niwe mkweli kuhusu yale ambayo kanzidata hazina kabisa, maana hapa ndipo wanaotetea ile sentensi wanapopata pa kushika. Kwanza ni lugha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 katika PLoS Biology ulikuta kwamba asilimia 35.6 ya maandiko ya uhifadhi ya mwaka 2014 hayakuwa ya Kiingereza, na kanzidata kubwa zimeegemea Kiingereza. Kiswahili humo ni kama hakipo. Vipeperushi na taarifa za wataalamu wa korosho kwa wakulima, zilizoandikwa kwa lugha tunayoielewa wote, hazina ikisiri popote. Pili ni muda. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024 na barabara ya kusini kukatika maeneo ya Kilwa, wapo waliosema mambo haya hayajawahi kutokea. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Kwa anayetumia kanzidata inayoanzia miaka ya 1970, taarifa zilizoandikwa wakati ule ziko nje ya wigo. Inabidi aende kwenye sehemu ya kumbukumbu ya CAB, inayorudi hadi 1910, au kwenye nyaraka za hali ya hewa za kikoloni. Kila kanzidata ina mwaka wa kuanzia, umeandikwa kwenye ukurasa wake wa maelezo ambao hakuna anayeufungua.

Tatu, na hili ndilo linalouma zaidi, ni ripoti za miradi. Mradi wa maji wa Mtwara na Lindi uliofadhiliwa na Finland uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukafuata, kwa sehemu ukipishana nao, mpango wa maendeleo vijijini wa RIPS, kuanzia 1988 hadi 2005, uliogusa kilimo, uvuvi wa baruti, misitu na serikali za vijiji. Kazi ya namna hiyo huzaa vipimo vya visima, ramani za chemchemi, sampuli za maji, mahojiano. Anayetaka kuelewa kwa nini mtu wa uwanda wa Makonde anaishi juu na maji yake yako bondeni, au chanzo cha Mitema kinaweza kuhudumia watu wangapi, angeanzia humo. Lakini ripoti ya mradi si makala ya jarida. Haikupewa ikisiri, haikupewa maneno elekezi, haikupelekwa popote isipokuwa kwa mfadhili na kwenye kabati la ofisi. Penye miti hapana wajenzi: tuna maandishi ya miongo mitatu kuhusu maji yetu wenyewe na mhandisi kijana anaanza upya kupima kina cha visima.

Hilo haliwezi kutatuliwa na Scopus wala na mtu yeyote aliye Ulaya. Ripoti hizo zinahitaji mtu wa hapa azikusanye, azipige picha, aziandikie ikisiri ya aya moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiingereza, kisha ziwekwe mahali ambapo AGRIS na OpenAlex zinaweza kuzifikia. Nadhani mahali pa asili ni maktaba ya TARI Naliendele kwa kilimo na vyuo vya Mtwara kwa mengine. Kwa bahari, Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina kila sababu ya kuanza na ripoti zake yenyewe. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wangepata kazi ya maana kuliko kupanga mafaili.

Wakati tukisubiri hayo, lipo linalowezekana wiki hii. Mpango wa Research4Life, uliozaliwa na Hinari mwaka 2002, AGORA mwaka 2003 na OARE ya mazingira mwaka 2006, unazipa taasisi za nchi kama Tanzania maelfu ya majarida bila malipo, makala nzima, si ikisiri tu. Hausajili vyuo vikuu peke yake. Ofisi za serikali, vituo vya ugani na asasi za ndani zimo pia. Anayejisajili ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kujifanyia, na afisa kilimo wa wilaya akijaribu kwa barua pepe yake binafsi atakwama. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye anayetakiwa kuidhinisha, na nywila hukabidhiwa mkutubi. Halmashauri isiyo na mkutubi inaweza kumkabidhi afisa mazingira.